Noah ya wanafunzi, Majohe hadi Magomeni: maoni ya mama aliyeilipia

Bei kwanza, maana najua ndiyo inayotafutwa. Mtoto mmoja elfu tisini kwa mwezi. Wawili laki moja na nusu ukibembeleza, na mimi nilibembeleza. Unalipa kabla ya tarehe tano, kwa simu. Ukichelewa dereva hakutukani, anakutumia tu picha ya mshale wa mafuta ulivyolala. Gari ni Noah ya rangi ya fedha, ina mstari wa njano ubavuni, inaanzia Majohe Viwege saa kumi na robo alfajiri na kushusha Magomeni saa kumi na mbili na nusu kama barabara imekubali. Jioni inaondoka shuleni saa kumi na nusu. Kufika nyumbani ni majaliwa. Nimeitumia kuanzia Aprili hadi Septemba 2024 na nampa mzee wa Noah nyota nne kati ya tano. Safari yenyewe siipi hata moja.

Najua swali linalofuata. Unakaa Majohe, pembezoni mwa Dar es Salaam, shule zipo, mtoto anakwenda kusoma Magomeni kufanya nini? Si shule ya kulipia wala ya Kiingereza. Ni shule ya msingi ya serikali, ina madirisha ya nondo na mwembe katikati ya uwanja, kama ya kwenu.

Sisi ni watu wa bondeni, Magomeni Suna. Nyumba ilikuwa ya marehemu baba, vyumba sita, na barazani mimi nilikuwa na genge: nyanya za fungu, dagaa, mkaa wa kopo. Ulipokuja Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Mto Msimbazi, ule wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 uliopitishwa mwaka 2022, tulithaminiwa, tukalipwa, tukaambiwa tupishe. Palipokuwa na nyumba zetu pamepangwa bustani kubwa ya jiji, na pale Jangwani daraja la kupitisha magari juu ya maji. Sibishani na hilo. Desemba 2011 nilikesha juu ya bati nikiwa na binti yangu mgongoni, ana miezi minne, maji yanapita chini yetu yamebeba magodoro ya watu. Atakayeniambia Suna palikuwa pa kukaa milele nitamcheka.

Ila fidia ya nyumba ya urithi ni kama nyama ya akika: kila mtu anapata, hakuna anayeshiba. Tuko watano. Fungu langu halikununua hata choo cha Magomeni. Lilinunua kiwanja na pagale la vyumba viwili Majohe, likabaki la bati na mlango mmoja. Wenzangu ndivyo hivyohivyo, kila mmoja alikwenda pesa yake ilikoishia: Kivule, Kitunda, Chanika, Chamazi. Hakuna aliyetupanga pamoja. Mtaa mzima ulimwagika kama punje za mchele.

Kaka yangu mkubwa, mtu wa kusoma kila karatasi mpaka maandishi madogo, alizitafuta kanuni za fidia ya ardhi za mwaka 2001 akatusomea barazani. Kuna thamani ya ardhi na ya jengo. Kuna posho ya usumbufu. Kuna posho ya makazi, ambayo ni kodi ya miezi 36. Kuna faida ya biashara inayopotea. Na kuna usafiri: gharama ya kubeba tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Tani kumi na mbili! Sisi kila kitu, na jiwe la kusagia la bibi juu yake, kilienea kwenye Kirikuu mbili, zile pikapu ndogo. Lakini sawa, kanuni imekumbuka kabati na kitanda mpaka uzito wake. Tukasikiliza mpaka mwisho tukisubiri mstari wa mtoto anayesoma, haukufika. Kabati linasafiri mara moja. Mtoto anasafiri kila siku, kwenda na kurudi, na Majohe kwenyewe imepita hizo kilomita 20.

Tulihama siku chache kabla ya Idi, mwezi wa nne. Binti alikuwa darasa la saba, kaka yake mdogo darasa la tatu. Wa darasa la saba alikuwa amekwishasajiliwa kwa mtihani wa taifa wa Septemba, jina na namba yake ya mtahiniwa viko shule ya Magomeni. Kumhamisha hapo, niliambiwa, usifikirie. Wa tatu uhamisho wake unapita kwenye mfumo wa PReM, ule unaompa kila mtoto namba yake, na kwa sababu tunatoka Manispaa ya Kinondoni kuingia Jiji la Dar es Salaam, ombi linapanda upande mmoja na kushuka upande wa pili. Lilipanda. Likakaa huko juu. Nilipokwenda kuuliza, ofisi moja ikasema mtandao, nyingine ikasema aliyeanzisha ombi ndiye hajabonyeza. Nikajifunza kwamba mwanangu anaweza kuwa hayupo shule mbili kwa wakati mmoja.

Basi ikabidi wote wawili waendelee kwenda Magomeni.

Wiki ya kwanza tulijaribu daladala, kwa hiyo hili nalisema kwa kulijua. Nauli ya mwanafunzi ilikuwa shilingi 200, na kwenye karatasi hakukuwa na usafiri wa bei nzuri kuliko huo duniani. Kwenye kituo ni habari nyingine. Gongo la Mboto saa kumi na moja alfajiri konda anaona sare anageuza shingo. "Madenti wawili tu!" Wawili wamekwishapanda, wangu walikuwa wa nne mstarini. Gari la pili linapita bila kusimama, la tatu limejaa mpaka mlangoni. Nilikuwa nao siku tatu, nikilipa nauli yangu ya mtu mzima ili wao wapande kama mizigo yangu. Siku ya nne niliwaacha waende wenyewe kwa sababu nilikuwa na genge jipya la kufungua, wakafika shuleni saa tatu kasoro. Binti alichapwa kwa kuchelewa. Hakuniambia, mdogo wake ndiye aliyesema, usiku, tukila.

Kuna waliowaacha watoto kwa ndugu mjini. Jirani yangu wa ukuta mmoja alimwacha wake kwa shangazi, Manzese, mpaka mtihani. Simlaumu. Mimi nina shangazi pia, na nina sababu za kutomwacha binti wa miaka kumi na miwili kwenye nyumba yenye vijana wanne wa kiume. Tuishie hapo.

Ndipo nikampata mzee wa Noah, au tuseme yeye ndiye aliyenipata. Alikuwa anakaa nyuma ya msikiti kulekule Suna, mpangaji, akiendesha Noah ya tajiri, yaani mwenye gari. Watu walipoanza kuhama alizunguka na daftari lake la kaunta akiuliza kila mama: unakwenda wapi, mtoto anabaki shule gani. Mwenzangu, katika mradi mzima huyo ndiye mtu pekee aliyeniuliza hilo swali la pili. Akachora njia yake kutokana na majibu. Wa Majohe anawafuata mlangoni, wa Gongo la Mboto na Ukonga wanasubiri barabarani, wa Kitunda na Kivule wanaletwa mpaka kituo cha Banana.

Kabla sijalipa nilimkagua. Tangu ile Hiace ya wanafunzi ilivyotumbukia shimoni Mtwara, Julai 2022, mimi gari la shule silipandishii mtoto kwa sura ya dereva. Nikaomba leseni yake, nikaomba ya gari ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, nikaangalia stika ya usalama kwenye kioo na tarehe yake. Matairi nikayapapasa mwenyewe. Mbele yalikuwa mazuri. La nyuma kushoto lilikuwa kipara, nikamwambia, akalibadilisha wiki ileile kwa lingine la mtumba lenye meno. Hapo ndipo nyota ya kwanza na ya pili zilipopatikana.

Nyota ya tatu ni ya muda. Saa kumi na robo ni saa kumi na robo. Hapigi honi, anawasha taa za ndani tu na kusubiri dakika mbili. Mtoto akiwa hajatoka anapiga simu, na sauti yake haina haraka. Miezi yote hiyo aliniangusha mara moja, feni ilipokufa Buguruni na injini ikachemka, na hata hapo aliwashusha watoto, akawahesabu kwa daftari, akawatafutia bajaji tatu kwa pesa yake na kunitumia ujumbe wa sauti wakati bado yuko kando ya barabara. Hapo nyuma nasikia watoto wanachagua nani akae na nani kwenye bajaji.

Sasa kasoro. Noah ni gari la watu saba, yeye anabeba kumi na mmoja. Ameweka ubao uliofunikwa kwa godoro jembamba kati ya kiti cha nyuma ya dereva na mlango, na hapo wanakaa wadogo watatu bila mkanda wowote. Nilimlalamikia. Akafungua daftari, akanionyesha kwamba saba mara elfu tisini, ukitoa mafuta ya kilomita zaidi ya arobaini kwa siku na hesabu ya kumpelekea tajiri, kinachobaki si mshahara wa mtu. Hesabu ni ya kweli. Mtoto asiye na mkanda naye ni wa kweli. Sikuwa na jibu, nikaomba tu wangu asiwekwe kwenye ubao. Sijivunii ombi hilo, maana aliwekwa mtoto wa mwenzangu.

Juni, shule zimefungwa, alidai elfu arobaini na tano ya "kushikilia nafasi" ya binti. Kwa kweli darasa la saba walikuwa na masomo ya mtihani wiki mbili za mwanzo na akawapeleka, kwa hiyo nusu ya kelele yangu ilikuwa bure. Nusu nyingine bado ninayo.

Foleni si kosa lake. Barabara ya Nyerere mwaka huo ilikuwa imechimbwa kuanzia Gongo la Mboto kwa ajili ya njia ya mabasi ya mwendokasi awamu ya tatu, magari yanahamishwa huku na huku kati ya mapipa. Mradi mmoja ulitutoa Magomeni, mwingine ukatuzuia tusifike Magomeni. Na mvua za Aprili zile! Jangwani ikifungwa kwa maji, magari yote ya mjini yanakimbilia Kawawa, na Noah yetu imo katikati. Tumehamishwa kwa sababu ya mafuriko na mafuriko bado yanawachelewesha watoto wetu shule.

Usingizi ndio bei ambayo haipo kwenye elfu tisini. Binti alikuwa anaamka saa tisa na nusu, anarudi saa moja na nusu usiku, siku mbaya saa mbili. Anakula amefumba macho. Asubuhi namwekea chapati imekunjwa ndani ya karatasi. Jioni mara nyingi inarudi imeng'atwa mara moja, imeshikwa na kidole gumba mpaka kikaacha shimo. Shavu lake la kulia lilikuwa na mchoro wa mpira wa dirisha, mstari na vinundu vidogo, na ulikuwa haufutiki mpaka saa nne usiku. Kazi za nyumbani alizifanyia garini, kwa taa ya ndani. Daftari lake la Hisabati unaweza kulisoma kama ramani: hapa mwandiko umenyooka, foleni ya Tazara, hapa nane imekuwa nyoka, matuta ya Ukonga.

Mdogo wake alikuwa na tatizo lingine. Darasa la tatu wanatoka saa nane mchana, Noah inaondoka saa kumi na nusu. Kwa muda huo wa saa mbili na nusu mtoto wa miaka tisa akae wapi? Zamani angefika nyumbani kwa miguu dakika saba, na kama sipo angekula kwa jirani yeyote. Majirani hawapo, nyumba hazipo. Nilimwambia akae kwenye baraza ya msikiti. Akakaa siku mbili. Siku ya tatu mzee wa Noah hakumkuta, akaacha gari kwa dereva mwenzake akateremka bondeni kwa miguu, na akamkuta huko kwenye vifusi, amekaa juu ya kilichokuwa kizingiti chetu, anakula embe. Ndani ya begi alikuwa na kipande cha plasta chenye rangi ya bluu. Chumba cha watoto kilikuwa cha bluu. Kipande hicho kipo mpaka leo dirishani, sina moyo wa kukitupa, na kinachafua pazia.

Kuanzia siku ile mzee alikuwa anafika saa nane, anawakusanya wadogo wote na kuwaweka garini chini ya mwembe, milango wazi, mpaka wakubwa watoke. Hakuongeza bei. Hiyo ndiyo nyota ya nne.

Na kuna jambo nililogundua Mei, siku nilipopanda nao kwenda mjini kwa shughuli zangu. Nilitegemea kuona watoto wamelala. Kuanzia Banana, walipopanda wa Kitunda, gari liliamka. Wakaanza kutaniana kwa majina ya Suna ambayo mimi sikuyasikia tangu tuhame, wakaulizana nani kapika nini, mama wa fulani kajifungua, kuku wa fulani kaibiwa. Wakacheza ule mchezo wa kukisia gari linalofuata. Msichana wa Kivule alikuwa na deni la pipi la tangu mwezi wa tatu, likalipwa. Watoto kumi na mmoja, nyumba tisa, zote zilikuwa ndani ya uchochoro mmoja. Nikaelewa kwa nini binti yangu hajawahi kuniomba aache kupanda Noah hata siku aliyokuwa na homa. Sisi wazazi tulipoteza mtaa. Wao walikuwa nao kwa muda wa saa mbili kila asubuhi na saa tatu kila jioni, umebanana, unanuka petroli.

Julai uhamisho wa mdogo ukatiki, nikamwondoa. Shule mpya iko dakika kumi kwa miguu. Wanasoma kwa zamu mbili, yeye ni wa mchana, na dawati la watatu lina watano, kwa hiyo wawili wanapokezana sakafuni. Anapata usingizi wa kutosha na hana rafiki. Darasani wanamwita Mafuriko. Mwanzoni alilia, sasa nasikia anaitika. Mzee wa Noah akinikuta sokoni bado anamuulizia.

Kwa hiyo kama unahama mwaka huu na unataka ushauri wangu kuhusu hii huduma: kama mtoto wako amekwishasajiliwa mtihani wa darasa la saba, lipa, na uulize ubao kabla hujalipa. Kama yuko darasa la chini, anza uhamisho siku unayopokea karatasi ya uthamini, usisubiri pesa ya fidia, na nenda ofisini mwenyewe kila wiki hata wakikuchoka. Miezi miwili ya kumpandisha mtoto wa miaka tisa gari saa kumi usiku sitairudia. Mimi kwa jumla nimelipa 495,000. Ni mabati ishirini na kitu. Chumba cha pili bado kina turubai.

Mtihani walifanya Septemba 11 na 12. Mzee aliwafuata saa tisa usiku siku zote mbili ili wasipate foleni, wakafika shule ikiwa giza, wakalala garini mpaka kukapambazuka. Matokeo yalipotoka mwisho wa Oktoba binti alikuwa na B. Tulichinja kuku.

Desemba zikatoka nafasi za kidato cha kwanza. Aliyemaliza Magomeni anapangiwa upande wa Magomeni: sekondari ya kutwa, Kinondoni. Uhamisho nimeanza, ombi liko juu. Juzi usiku simu ikalia, ujumbe wa sauti, nyuma yake mtu anafunga mlango wa gari. "Mama, Januari nimemwandika binti, kile kiti chake cha dirishani. Sekondari itakuwa laki moja, mafuta yamepanda. Nisiposikia kwako kufikia Ijumaa nitampa wa Chanika."